Lubumbashi: Si mashine ya sinema inayofukuza watu nyumbani, ni ulimi wa mtu

Jioni, kama kuranti iko, kwenye vibanda vya video vya Katuba, Kenya na Ruashi haikosi sinema ya mashine inayoamka na kuwageukia watu waliyoiunda. Vijana wanaitazama wakiwa wamebanana kwenye viti vya plastiki, na wakitoka wanarudia neno moja: "Ile mashini itatumaliza." Jumapili neno hilo linapanda mimbarini, na akili bandia inafananishwa na mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Jumatatu linaingia kwenye vikundi vya WhatsApp, na huko linageuka kuwa udhuru. Mtu anatuma sauti ya uongo inayosema kwamba watu wa kabila fulani watashambulia kartie fulani usiku. Wamama wanafunga mizigo, watoto hawaendi masomo. Uongo ukigunduliwa, aliyeituma anainua mikono: "Si mimi, ni mashini."

Udhuru huo unapaswa kukataliwa. Wa kwanza kuukataa wawe wakaaji wa Lubumbashi, pamoja na familia zilizokimbilia hapa kutoka Mitwaba, Pweto na Manono, na wale wote wenye ndugu Goma na Bukavu, miji iliyochukuliwa na M23 mwezi Januari na Februari 2025. Watu hawa wanajua jambo ambalo sinema hazijawahi kulionyesha sawasawa: mara nyingi mtu hutolewa nyumbani kwake kwa maneno kwanza. Panga na bunduki hufuata nyuma.

Lakini hata sinema zenyewe zinasema hivyo kwa anayetazama vizuri. Katika The Terminator, sinema ya James Cameron ya mwaka 1984, kila kijana anakumbuka miwani myeusi, bunduki kubwa na mifupa ya chuma inayotoka ndani ya moto. Wachache wanakumbuka telefone. Mashine imetumwa kumuua msichana mmoja, Sarah Connor, na imempoteza. Sarah, aliyejificha hotelini, anampigia mama yake ili asiwe na wasiwasi. Sauti ya mama inajibu kwa upole na upendo, inaomba kujua mtoto yuko wapi. Sarah anasita, kisha anatoa namba ya hoteli. Anayemsikiliza si mama. Ni mashine iliyovaa sauti ya mama. Pamoja na silaha zake zote, chuma kile kilimpata kinayemtafuta kwa njia ya sauti inayopendwa.

Katika 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyotoka mwaka 1968, kompyuta iitwayo HAL haina mkono wala mguu ndani ya chombo. Inachojulikana nacho ni sauti, tulivu kama ya daktari mwenye subira. Kwa sauti hiyo inamkatalia rubani mlango, huku ikiwa na adabu zote. Na rubani anapofaulu kuingia na kuanza kuizima, inaomba, inasema inaogopa, mpaka mtazamaji anaihurumia mashine iliyotoka kuua wafanyakazi wenzake. Katika Ex Machina ya Alex Garland, ya mwaka 2014, roboti yenye uso wa msichana imefungiwa ndani ya kioo. Haivunji kioo. Inaongea na kijana mmoja siku baada ya siku, inajua upweke wake, inamwambia anachotamani kusikia. Kijana mwenyewe anapanga jinsi ya kuifungulia milango, na mwishoni anaachwa humo ndani, amefungiwa yeye.

Sinema tatu, na katika zote ni maneno yanayotangulia. Watazamaji wanatoka wakiogopa chuma, wakati kilichofungua mlango ni ulimi.

Wapenzi wa sinema za kutafsiriwa wasishangae. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walijipatia jina kwa kazi hiyo: picha ni ileile iliyotoka Amerika au Hong Kong, lakini mtafsiri akiamua kwamba huyu ni mwizi, kibanda kizima kinamzomea, akimfanya mchekeshaji, watu wanaangua kicheko. Macho yanatazama picha, lakini sauti ndiyo inayoyaambia yameona nini. Kwenye kibanda hilo ni furaha ya jioni. Katika nchi yenye vita ni silaha: video ya mapigano ya zamani, hata ya nchi nyingine, ikiwekewa sauti ya Kiswahili inayosema "hii ni leo asubuhi", inatosha kuhamisha kijiji.

Kuna wanaosema mambo yamebadilika, kwamba zamani msemaji alikuwa mtu, na sasa mashine yenyewe inasema. Kweli, tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi Novemba 2022, mashine inaandika barua, hotuba na sala kwa dakika moja, na programu nyingine zinaiga sauti ya mtu baada ya kuisikia kidogo tu. Lakini udhaifu unaotumiwa ni wa zamani. Mwaka 1966, mwalimu wa Chuo cha MIT huko Marekani, Joseph Weizenbaum, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa ndogo na haikuelewa chochote. Ilichukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Hata hivyo sekretari wake mwenyewe, aliyemwona akiitengeneza, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo peke yake. Weizenbaum alishtuka, na maisha yake yaliyobaki aliyatumia kuonya. Alichokiona ni kwamba binadamu akisikia maneno yanayomgusa, anaweka moyo nyuma ya maneno hayo, hata kama hakuna moyo.

Mwaka huohuo wa 1966, tarehe 7 Juni, serikali ya Kongo iliweka sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila. Kongo haikuwa na ELIZA. Ilikuwa imetoka kwenye miaka sita ya kujitenga, maasi na mauaji, na ilijua tayari neno linaweza kufanya nini. Kama sheria hiyo ingefuatwa, Katanga isingeona yaliyofuata.

Ikumbukwe kwamba tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mzaliwa wa Kasai, kuwa waziri mkuu, badala ya Jean Nguza Karl-i-Bond wa Katanga. Jimbo wakati huo liliitwa Shaba, na gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama cha UFERI. Kwenye mikutano, mbele ya vijana wa chama walioitwa JUFERI, ilisemwa na kurudiwa kwamba watu wa Kasai ndio chanzo cha umaskini wa Wakatanga. Hawakuitwa tena majirani. Waliitwa bilulu, yaani wadudu.

Watu hao walikuwa nani? Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière na kampuni ya reli wakati wa ukoloni. Walizaliwa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Walisema Kiswahili cha hapa, walikula bukari ya hapa, walizika wafu wao hapa. Neno moja liliwafanya kuwa kitu cha kufagiliwa nje. Kuanzia Likasi mwaka 1992 hadi Kolwezi mwaka 1993, nyumba ziliporwa na kuchomwa, na maelfu walilala kwenye gare wakingoja gari moshi la kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Watoto na wazee walikufa kwa njaa na magonjwa kwenye gare na ndani ya mabehewa. Waliofukuzwa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Hakukuwa na kompyuta hata moja katika kazi hiyo. Hakukuwa na sauti ya kughushi. Sauti zilikuwa za kweli, za watu wanaojulikana kwa majina, waliosema mchana mbele ya umati. Wahenga walisema maneno makali hayavunji mfupa. Aliyelala kwenye gare ya Likasi na mtoto mgonjwa hawezi kuirudia methali hiyo.

Hapa ndipo sinema na historia zinapopishana njiani. Sinema inachukua mashine na kuipa utu, mpaka mtazamaji anamlilia HAL anapozimwa. Mchochezi anachukua mtu na kumwondolea utu, mpaka jirani haoni uchungu nyumba yake inapoungua. Kazi ni moja: kwa maneno tu, kuamua nani ahurumiwe na nani asihurumiwe. Anayeijua kazi hiyo ana nguvu kuliko mwenye bunduki, kwa sababu mwenye bunduki anaua anayemwona, na mwenye neno anatuma wengine.

Rwanda ililipa zaidi. Redio RTLM ilianza kutangaza mwezi Julai 1993, na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Bilulu hapa, mende kule: kila mara mdudu, kwa sababu mdudu hukanyagwa bila kesi. Lakini jambo la kukumbukwa na kila anayesema "ni mashini" ni hili. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwapata na hatia Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Kwenye rufaa mwaka 2007 vifungo vilipunguzwa, lakini viliendelea kuwa vya miaka 30 na zaidi. Hakuna wakili aliyesimama kusema kosa ni la mikrofoni. Antena haikuhukumiwa. Walihukumiwa watu.

Akili bandia ni antena mpya. Ina nguvu kuliko ya zamani, ni rahisi, na inaingia mfukoni. Lakini nyuma yake kuna watu, kutoka juu mpaka chini. Kobalti ya betri za telefone, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani, inatoka Kongo, hasa Kolwezi na kandokando yake. Huko Nairobi, gazeti la TIME lilifichua mwezi Januari 2023 kwamba Wakenya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili kusoma maneno machafu ya kuua na kubaka, wayatie alama, ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Miezi michache baadaye, Mei 2023, mkubwa wa OpenAI, Sam Altman, alitia sahihi pamoja na wengine kwenye tamko linalosema akili bandia inaweza kumaliza binadamu, na kwamba hatari hiyo ishughulikiwe kama vita vya nyuklia.

Tamko hilo lipimwe kama hotuba nyingine yoyote. Tajiri anayesema "mashine yangu inaweza kumaliza dunia" anaogopesha watu, lakini papo hapo anaisifu biashara yake, na yeye mwenyewe anatoweka nyuma ya mashine. Macho yote yanatazama mnyama wa kesho, hakuna anayeuliza kuhusu mshahara wa Nairobi wa jana. Ni ufundi uleule wa kusema. Anayetuma sauti ya uongo huko Kampemba na tajiri wa California hawajuani, lakini wamejificha kwenye kichaka kimoja.

Itajibiwa kwamba wako wataalamu wa kweli wanaoogopa mashine. Geoffrey Hinton, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 2024 kwa kazi yake ya akili bandia, aliacha kazi Google mwaka 2023 ili aonye bila kizuizi. Heshima yake. Lakini katika maonyo yake ya kwanza alitaja hatari iliyo karibu: picha, video na maandishi ya uongo kuenea mpaka mtu wa kawaida asijue tena lipi ni kweli. Wanaomtaja kwenye mimbari wanachukua mnyama wake wa kesho na kuacha uongo wa leo. Aliyehama Mitwaba hana muda wa kungoja kesho. Leo hii telefone yake italia.

Na kwa familia iliyohama, telefone ndiyo nyumbani. Hakuna gazeti linaloandika kama mto umevukwa, kama shamba limechomwa, kama shangazi yuko hai. Kuna sauti ya dakika moja kutoka kwa mtu wa kijiji. Kwa sauti hiyo watu wanaamua kurudi au kubaki, kuuza mbuzi wa mwisho kwa nauli au kungoja. Mwenye kughushi sauti hiyo anafanya alichofanya Terminator kwa Sarah Connor: anavaa sauti ya mama. Tofauti ni kwamba Terminator alikuwa chuma kisicho na dhamiri, na huyu ana dhamiri, ana jina, na huenda ana mtoto darasani na watoto wa hao anaowadanganya.

Kwa hiyo hofu ihamishwe mahali pake. Sauti ikifika, swali la kwanza lisiwe "Je, ni mashine?" Swali hilo litazidi kuwa gumu, na hata sauti ya kweli inaweza kuwa ya mchochezi. Maswali yenye faida ni ya zamani, ya wazee: Ni nani anayesema, wa mtaa gani, mtoto wa nani? Anataka msikilizaji afanye nini sasa hivi, kabla ya kufikiri? Atakayefaidika ni nani, kura, kiwanja au nyumba iliyoachwa? Na ni nani aliyeko kule anayeweza kupigiwa, aulizwe jambo ambalo mgeni hawezi kulijua, kama jina la mbuzi au mti ulio nyuma ya jiko? Familia iliyokubaliana neno lake la siri kabla ya hatari haitadanganywa kirahisi, hata kama sauti ni ya mama mtupu.

Redio za Lubumbashi nazo zina mzigo wao. Sauti ya WhatsApp isiyo na mwenyewe isipigwe hewani, hata kwa kisingizio cha "tunaisikiliza tu ili tuikanushe", maana wengi watasikia sauti na kukosa kanusho. Na mwanasiasa anayewaita wakaaji wenzake wadudu, nyoka au wageni akatwe palepale, bila kungoja muda wake uishe.

Kwa upande wa sheria, hakuna pengo la kulilia. Ile ya 1966 ipo. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 nayo ipo. Zote zinaadhibu mtu, hazina habari na mashine. Kinachokosekana ni prokurere atakayeuliza jina la mtumaji badala ya jina la programu, na atakayeuliza hivyohivyo mtumaji akiwa ni mkubwa mwenye walinzi.

Lisisahauliwe jambo la mwisho kuhusu 1992. Umati uliposikia neno bilulu, si wote walioitika. Wako Wakatanga waliowaficha majirani zao, waliotunza funguo za nyumba, waliopeleka maji na bukari gare usiku. Nao walisikia hotuba zilezile, kwa sauti zilezile. Walikuwa na neno lao la kujibu, fupi kuliko hotuba yoyote: "Huyu namujua." Hakuna programu inayoweza kulighushi hilo kwa mtu aliyekula na jirani yake sahani moja. Lubumbashi ya leo, yenye watu wa Kasai waliorudi, wa Mitwaba waliokimbia na wa Kivu wanaongoja habari, italihitaji neno hilo tena. Wakaaji wawe nalo tayari kabla telefone haijalia.